Mkongo Umepita Barabarani, Je, Umeingia Nyumbani?

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na wahisani



Kurasa hizi kwa kawaida huzungumzia visima, vikundi vya kuweka na kukopa, mbegu na lishe ya watoto. Safari hii tunaleta jambo ambalo baadhi yetu bado wanaliona kuwa la watu wa mjini, yaani intaneti ndani ya kaya. Tumeamua kuliandikia somo zima kwa sababu kila tunapokutana na kamati, iwe Tunduma, Mbozi, Ileje au Momba, swali linalorudi ni lile lile: "Kijana wangu amefaulu, sasa nimpeleke wapi akajaze fomu?" Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndani yake mna ada, ajira, mbolea na haki za yatima.

Mwisho wa somo hili tunatarajia kwamba kila kamati itaweza: (a) kueleza pengo la kidijitali ni nini na linasababishwa na nini, (b) kupima hali ya kaya za jumuiya zake, na (c) kuchagua hatua moja au mbili zinazowezekana kwa uwezo ulionao. Tunashauri somo lisomwe katika vikao viwili, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe katika jumuiya ndogo ndogo.

1. Tuelewane kwanza juu ya maneno

Intaneti ya kasi ni ile inayomwezesha mtu kufungua fomu, kupakia nyaraka, kusoma kitabu au kuangalia somo la video bila kusubiri mpaka akate tamaa. Katika kaya inaweza kufika kwa njia ya waya wa faiba unaoingia ndani ya nyumba, kwa kifaa kidogo chenye laini ya simu kinachogawa mawimbi kwa watu wa nyumba moja, au kwa simu ya mkononi yenyewe. Kwa kaya nyingi za mkoa wetu njia ni hiyo ya tatu.

Pengo la kidijitali ni tofauti kati ya wanaoweza kuitumia teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, kwa manufaa yao na wasioweza. Jambo hili liliwakutanisha viongozi wa mataifa katika mikutano miwili ya dunia juu ya jamii ya habari, Geneva mwaka 2003 na Tunis mwaka 2005. Kanisa nalo halikukaa kimya. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika intaneti, na miongoni mwa mambo iliyoonya ni hilo la watu maskini kuachwa nyuma.

Tangu wakati huo mengi yamebadilika, lakini pengo halijazibika. Kwa makadirio ya Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa (ITU), mwaka 2024 watu 68 katika kila 100 duniani walitumia intaneti. Barani Afrika walikuwa 38 katika kila 100.

2. Jinsi mkongo ulivyofika kwetu

Wazee wetu wanakumbuka reli ya TAZARA ilivyojengwa katika miaka ya 1970, ikapita Tunduma na kuvuka kwenda Zambia. Barabara kuu ya kwenda Zambia nayo inapita hapo hapo. Mwaka 2019 kikafunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Hivyo mji wetu umezoea kuwa mlango wa mambo makubwa yanayopita.

Intaneti nayo ilipita njia hiyo. Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti kuwasiliana na dunia, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa na kuifikia Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Katika kipindi hicho hicho Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao usimamizi wake ulikabidhiwa TTCL. Awamu zake za mwanzo zilivuka kilomita 7,500. Mkongo huo unaiunganisha nchi yetu na Zambia kupitia Tunduma, na Malawi kupitia Kasumulu.

Kwa maneno mengine, mawasiliano ya mataifa yanapita karibu na milango yetu katika nyuzi nyembamba za kioo zinazosafirisha mwanga. Lakini mkongo ni sawa na bomba kuu la maji. Bomba kuu likipita kijijini bila kioski wala mabomba madogo, mama ataendelea kwenda mtoni na ndoo yake.

Kazi ya kulifikisha bomba dogo vijijini ni ya kampuni za simu, zikisaidiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mfuko huu hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo mfanyabiashara peke yake asingeona faida. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika vijiji mbalimbali nchini, chini ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Ni vema kila kamati ijue jambo hili, kwa maana kijiji kisicho na mtandao kina mahali pa kupeleka ombi lake kupitia serikali ya kijiji, diwani na halmashauri.

3. Ngazi tano kutoka mnarani hadi mezani

Wengi hudhani kwamba mnara ukisimama, pengo limekwisha. Takwimu zinasema vingine. Chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kilikadiria kwamba mwaka 2023, katika kila watu 100 wa Afrika kusini mwa Sahara, 13 waliishi mahali pasipofikiwa na intaneti ya simu na 27 walikuwa wakiitumia. Waliobaki, watu 60, waliishi ndani ya eneo lenye mtandao lakini hawakuutumia. Hao ndio kundi kubwa kuliko yote, na ndio majirani zetu. Tutazame ngazi zinazowashinda.

Ngazi ya kwanza ni mtandao wenyewe. Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, ulikuwa na watu 1,344,687 katika Sensa ya mwaka 2022. Sura yake si moja. Tunduma na Vwawa ziko juu ya barabara kuu. Kamsamba iko chini katika bonde la Rukwa, Mkwajuni iko kaskazini, na vijiji vya Ileje vimejificha kati ya milima. Mawimbi ya simu huzuiwa na mlima, hivyo vijiji viwili vinavyoonana kwa macho vinaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Aidha, simu iliyo karibu na mpaka huweza kunasa mtandao wa Zambia bila mwenyewe kujua, na salio likaliwa kwa bei ya nje. Ni vema kuwafundisha watu kuchagua mtandao kwa mkono na kuzima data za ugenini.

Ngazi ya pili ni umeme. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umefikisha nguzo vijijini, na gharama ya kuunganishwa katika miradi hiyo imekuwa shilingi 27,000. Hata hivyo nyumba iliyo mbali na nguzo, au isiyo na nyaya ndani, bado hulipia kuchajisha simu dukani. Simu isiyo na chaji haina tofauti na jiwe.

Ngazi ya tatu ni kifaa. Simu ya kitochi inatosha kutuma na kupokea pesa, na imeleta ukombozi mkubwa tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Lakini haiwezi kupakia cheti cha kuzaliwa katika mfumo wa Serikali. Katika kaya nyingi simu janja ni moja, nayo iko mfukoni mwa baba. Baba akiwa safarini, kaya nzima haina intaneti.

Ngazi ya nne ni bei. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi ililenga kwamba ifikapo 2025 huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Wastani wa taifa huficha mengi, basi tuipime kwa kaya yetu. Tuseme kaya inapata shilingi 150,000 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni shilingi 3,000. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliweka bei ya vifurushi kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa bei ya chini, shilingi 3,000 hununua karibu MB 1,480. Kwa bei ya juu hununua MB 320 tu. Mwenye fedha hununua kifurushi kikubwa cha mwezi na kupata kila MB kwa nafuu, wakati anayeokoteza shilingi mia tano leo na mia tano kesho hulipa zaidi kwa kitu kile kile. Ni kama mama anayenunua mafuta ya kula kwa kipimo kidogo: mwisho wa mwezi amelipa kuliko aliyenunua dumu.

Ngazi ya tano ni ujuzi na utambulisho. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA zilianza kufungiwa. Mtu asiye na namba hiyo hutumia laini ya mwingine, na katika maeneo ya mpakani kama kwetu, uhakiki wa uraia huweza kuchukua muda zaidi. Ongeza hapo lugha ya Kiingereza katika baadhi ya mifumo na woga wa kubofya mahali pasipofaa, nawe utaelewa kwa nini mtu anakaa chini ya mnara bila kuutumia.

Tuwe waangalifu pia na hesabu tunazosomewa. Mwisho wa mwaka 2024 laini za simu nchini zilikuwa zaidi ya milioni 80, wakati Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwemo watoto wachanga. Hii haina maana kwamba kila mtu ana simu na chenji ikabaki. Maana yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu, na jirani yake asiwe nayo hata moja. Kamati isikubali kuhesabu laini mahali pa watu.

4. Nani anaumia?

Kama intaneti ingekuwa burudani tu, tusingeipotezea karatasi. Lakini huduma nyingi zimehamia huko, na kwa baadhi mlango wa zamani umefungwa.

Mwombaji wa ajira serikalini hutuma maombi yake katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne hubadili machaguo yake katika mfumo wa TAMISEMI. Mkulima wa mahindi, tangu ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa Mbeya wakati wa Nane Nane ya mwaka 2022, huandikishwa katika mfumo na kupewa namba yake. Asiyeandikishwa hununua kwa bei ya soko.

Tuchukue mfano wa mkopo wa elimu ya juu, kwa kuwa unagusa wengi. Kijana anayeomba kwa Bodi ya Mikopo (HESLB) hujaza fomu mtandaoni. Cheti chake cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi lazima cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu huchapishwa, husainiwa na kugongwa mihuri, kisha hupigwa picha na kurudishwa mtandaoni kabla dirisha halijafungwa. Kwa kijana wa mjini Tunduma mwenye kompyuta nyumbani hiyo ni kazi ya siku chache. Kwa yatima wa bonde la Rukwa ni nauli za kwenda na kurudi, malazi, na malipo katika duka la steshenari kwa kila hatua. Herufi moja ya jina ikitofautiana kati ya cheti cha shule na cheti cha kuzaliwa, safari inaanza upya. Dirisha likifungwa, mwaka umepotea. Hapo hakuna aliyemnyima kwa makusudi. Mlango ulikuwa wazi, ila ulijengwa mahali asipofika.

Lipo pia jambo la usiri. Kijana asiye na barua pepe yake hufunguliwa na mwenye duka, ambaye hubaki na nywila. Namba ya simu inayoandikwa huwa ya mjomba au ya jirani. Ujumbe wa kuthibitisha ukija baada ya miezi mitatu, hakuna wa kuupokea. Wenye maduka wengi ni watu wema na wanatoa huduma muhimu, lakini siri za mtu hazipaswi kutegemea wema peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sheria hiyo inagusa hata ofisi ya parokia.

Wanawake wanabeba mzigo mara mbili. GSMA ilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa na uwezekano pungufu kwa karibu theluthi moja wa kutumia intaneti ya simu, wakilinganishwa na wanaume. Mama anayevuka kwenda Nakonde kuuza bidhaa angefaidika kujua bei kabla ya kubeba mzigo. Lakini simu janja ya kaya si yake, na jioni yeye yupo jikoni.

5. Mwanga wa Neno la Mungu

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 6, aya ya 1 hadi 7. Kanisa la kwanza lilikuwa na utaratibu mzuri wa kugawa chakula kila siku. Hata hivyo wajane wa upande wa waliosema Kiyunani walisahauliwa. Hatusomi kwamba kulikuwa na chuki. Utaratibu uliwafaa wale waliokuwa karibu nao kwa lugha na kwa mazoea, na wengine wakapitwa.

Tuangalie Mitume walifanya nini. Kwanza, waliyasikiliza manung'uniko badala ya kuyakemea. Pili, hawakuishia kuwaombea wajane. Tatu, waliitisha mkutano, wakaweka sifa za watu wanaofaa, na watu saba wakakabidhiwa kazi hiyo. Majina ya saba hao ni ya Kiyunani, na wengi wameona kwamba waliopewa kazi walitoka upande ule ule uliosahauliwa.

Somo kwetu ni bayana. Utaratibu unaweza kuwa mzuri kwa wengi na bado ukawaacha wachache njaa. Mifumo ya mtandaoni imepunguza foleni na rushwa, nasi tunaishukuru. Wajibu wa kamati ni kuuliza: katika ugawaji huu wa kila siku, wajane wa leo ni akina nani? Na je, miongoni mwao yupo anayeweza kukabidhiwa kazi?

6. Waliotutangulia wanatufundisha nini?

Afrika Mashariki imewahi kulijaribu jambo hili. Nakaseke, nchini Uganda, kilifunguliwa kituo cha mawasiliano cha jamii mwishoni mwa miaka ya 1990. Sengerema, mkoani Mwanza, kituo cha namna hiyo kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baadaye kikawa na redio ya jamii. Vilitoa kompyuta, simu, nukushi, fotokopi na mafunzo chini ya paa moja. Kondoa, mkoani Dodoma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma wamesaidia kujenga mtandao wa jamii unaounganisha shule na wananchi.

Kutokana na juhudi za aina hiyo tunachota mafundisho matatu. La kwanza, kifaa hufa kabla ya mradi kama hakuna anayelipa umeme, kifurushi na fundi. La pili, huduma iliyochanganywa na mahitaji mengine, kama fotokopi au redio, hudumu kuliko kompyuta peke yake. La tatu, mtu wa kusaidia ni wa thamani kuliko mashine. Simu janja zilipoenea wengi walidhani vituo havina kazi tena, lakini hata mwenye simu yake bado anatafuta wa kumwelekeza.

7. Kamati inaweza kufanya nini?

Hatupendekezi kila parokia ijenge jengo. Tunapendekeza hatua sita, kuanzia ile isiyo na gharama.

(i) Hesabuni. Kila jumuiya ndogo ndogo iulize kaya zake maswali manne: Je, mtandao unashika nyumbani? Je, kuna umeme au sola? Je, nani ana simu janja, na nani anaruhusiwa kuishika? Je, kuna mtu wa kaya aliyeshindwa kupata huduma mwaka huu kwa sababu ya mtandao? Karatasi moja kwa jumuiya inatosha. Msiandike namba za vitambulisho wala za simu.

(ii) Wekeni kalenda. Madirisha ya mikopo, vyuo, machaguo ya kidato cha tano na uandikishaji wa mbolea yatangazwe katika matangazo ya Jumapili mapema, pamoja na orodha ya nyaraka zinazotakiwa. Kijana akianza kuhakiki cheti miezi mitatu kabla, nusu ya tatizo imekwisha. Hatua hii haihitaji hata shilingi moja.

(iii) Teueni watu wawili wa kuaminika, mmoja awe mwanamke, wafundishwe kujaza fomu na kutunza siri. Kanuni ziandikwe ukutani: barua pepe ni ya mwenyewe, nywila huandikwa na mwenyewe, namba ya simu iwe ya mwenyewe au ya mzazi wake, na hakuna nakala ya kitambulisho itakayobaki mezani.

(iv) Fungueni dawati la mtandao katika ofisi iliyopo, hata kwa siku mbili za juma. Linahitaji kompyuta moja ya mkononi, printa yenye skana, kifaa cha kugawa intaneti chenye laini, na sola pale umeme unapokatika. Lipimwe kwa hesabu ya kweli. Tuseme vifaa vimegharimu shilingi 1,200,000 na vitadumu miaka minne. Kila mwezi zitengwe shilingi 25,000 za kununua vingine. Tuseme kifurushi, umeme na karatasi ni shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 75,000 kwa mwezi. Watu 150 wakihudumiwa kwa shilingi 500 kila mmoja, dawati linajiendesha. Wakiwa 60 tu, gharama ya kila mmoja ni shilingi 1,250, na kamati iamue mapema nani atajazia pengo. Asiyeweza kulipa asirudishwe, bali alipiwe kutoka mfuko wa matendo ya huruma na iandikwe.

(v) Tumieni maktaba isiyohitaji intaneti. Programu ya Kolibri, ambayo inapatikana pia kwa Kiswahili, huwekwa katika kompyuta moja na wanafunzi wakasoma kwa simu au kompyuta zilizo karibu bila kununua kifurushi. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Video ya saa moja huweza kumaliza MB 500 au zaidi, hivyo somo likipakuliwa mara moja na kutumiwa na wanafunzi 40, akiba ni kubwa.

(vi) Lindaneni. Wote tunaujua ujumbe wa kutakiwa kutuma ile pesa kwenye namba nyingine. Ujumbe wa namna hiyo usijibiwe. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040. Kila mtu apige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wakongwe na wanaojifunza simu leo ndio huibiwa kwanza, kwa hiyo fundisho la usalama litangulie fundisho la matumizi.

Kuna onyo moja kwa sisi tunaoishi mpakani. Intaneti ya setilaiti ya Starlink ilianza kuuzwa Malawi mwezi Julai 2023 na Zambia mwezi Oktoba 2023. Kishawishi cha kuvusha kifaa kwa njia za panya ni kikubwa. Parokia isifanye hivyo. Kabla ya kununua kifaa chochote cha setilaiti, au kuuza intaneti kwa majirani, kamati iulize ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyopo Mbeya. Kwa nyumba za parokia zilizo katika miji yenye mkongo, ni vema pia kuulizia TTCL kama huduma ya faiba ya nyumbani imefika mtaani. Waya mmoja katika ofisi ya parokia huweza kulisha dawati na darasa kwa pamoja.

8. Neno kwa wahisani wetu

Upendo wenu tunaujua, nasi tunapenda kuwa wakweli kwenu. Msitutumie kompyuta mlizochoka nazo. Nyingi zinatumia Windows 10, ambayo mwezi Oktoba 2025 ilifikia mwisho wa kupokea marekebisho ya kawaida ya usalama. Betri zake zimechoka, na usafiri na ushuru wake huweza kufikia bei ya mashine inayopatikana hapa nchini pamoja na fundi wake. Zikifa, taka zake zinabaki kwetu.

Tunaomba badala yake mambo matatu. Lipeni gharama za uendeshaji kwa muda unaojulikana, kwa mfano miaka mitatu, mwaka wa kwanza yote, wa pili theluthi mbili, wa tatu theluthi moja, ili jamii ijifunze kubeba. Gharamieni mafunzo ya watu, hasa wasichana waliomaliza shule. Na mnapotaka ripoti, msituulize ni mashine ngapi zimefungwa. Tuulizeni ni vijana wangapi wamekamilisha maombi yao kabla ya dirisha kufungwa, ni kaya ngapi zimeandikishwa kwa mbolea, na ni wangapi walirudi bila kuhudumiwa na kwa nini. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo itakayotusaidia kurekebisha kazi.

9. Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni ngazi ipi kati ya tano inayowashinda watu wengi zaidi? Toeni mfano bila kutaja jina la mtu.

2. Ni huduma ipi iliyohamia mtandaoni ambayo imetusaidia? Ni ipi imetuacha nje?

3. Soma Matendo 6:1-7. Wajane waliosahauliwa katika mazingira yetu ni akina nani? Nani kati yao angeweza kukabidhiwa dawati?

4. Katika kaya zetu, nani anashika simu janja, na kwa masaa gani? Je, binti anayesoma anapata zamu sawa na kaka yake?

5. Kama kamati ingekuwa na shilingi 100,000 tu, ianze na hatua ipi kati ya sita? Kwa nini?

Tunaziomba kamati zituletee majibu ya swali la kwanza na la tano, pamoja na karatasi za hesabu ya kaya, kabla ya mkutano wa robo ijayo. Kwa hesabu hizo tutajua vigango visivyo na mtandao kabisa, ili ombi kwa UCSAF liandikwe kwa pamoja kupitia halmashauri, na vigango ambavyo mtandao upo ila watu hawautumii, ili mafunzo yaanzie huko. Mungu awabariki katika kazi hiyo.